Juu ya Kuandaa Somo la Hesabu

Andalio la somo ni karatasi ndogo yenye kazi kubwa. Mwalimu huliandika usiku ili alitumie asubuhi, na kwa kuwa asubuhi haijafika, kila kilichomo ndani yake ni ubashiri. Hubashiri kwamba kengele italia kwa wakati, kwamba chaki ipo, kwamba wanafunzi watafika wakikumbuka somo la jana, kwamba swali la kwanza litajibiwa na la pili litafuata. Mtu mwenye kubashiri mambo mengi kiasi hicho katika ukurasa mmoja angestahili kuandika kwa hadhari. Walakini, katika miaka niliyokagua mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu, nimesoma maandalio mengi yaliyoandikwa kwa mkono wa mtu aliyekwisha kuizuru kesho, akarudi na habari kwamba kila jambo lilikwenda sawa.

Mimi si mwalimu wa hesabu. Kazi yangu ni Kiswahili, na tasnifu iliyonipatia shahada ya udaktari ilihusu ushairi, fani ambayo hesabu yake aghalabu haipiti mizani kumi na sita katika mshororo. Lakini msimu wa mazoezi ya kufundisha unapowadia wahadhiri hawatoshi, wanachuo ni wengi na shule zimetawanyika. Kwa hiyo mkaguzi wetu hupewa wilaya, hapewi somo. Asubuhi husikiliza tamathali za usemi, na baada ya chai huketi nyuma ya darasa jingine akitazama milinganyo. Wenzangu wa hisabati huona kwamba huu ni upungufu, na wana haki. Ninalo jambo moja tu la kujitetea: katika darasa la hesabu mimi huyasikia maneno kabla ya kuzisikia namba, na katika hali hiyo nafanana na watoto walioketi mbele yangu kuliko ninavyofanana na mwalimu wao.

Kwa muundo uliotumika miaka mingi baada ya mtaala wa 2005, andalio la somo la sekondari nchini Tanzania lilikuwa na hatua tano: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakari na hitimisho. Kila hatua iligawiwa dakika zake katika zile 40 za kipindi, ikawekewa safu za kueleza mwalimu atafanya nini, mwanafunzi atafanya nini, na upimaji utakuwaje. Chini kabisa ziliachwa nafasi za kujazwa baada ya kipindi: tathmini ya wanafunzi, tathmini ya mwalimu juu ya nafsi yake, na maoni. Majina ya hatua hubadilika kila mtaala unapobadilika, na sina ugomvi nayo. Ninalolitazama ni safu ya upimaji. Humo nimesoma, andalio baada ya andalio, maneno yale yale: wanafunzi wataweza kujibu maswali kwa usahihi. Maneno haya ni dua njema. Pimo hayawezi kuwa, kwa sababu hayasemi mwalimu ataona nini, na atafanya nini akiona kinyume chake.

Kijana mmoja, mtanashati na mwenye hati nzuri, alinikabidhi daftari lake kabla ya kipindi kama ilivyo desturi. Somo lilikuwa kanuni ya Pythagoras. Alichora pembetatu mraba juu ya manila kwa rangi tatu, akapanga mifano kutoka rahisi hadi ngumu, akagawa dakika bila kuacha hata moja ikizurura. Nilipofika chini ya ukurasa, katika nafasi ya tathmini ya wanafunzi, nilikuta kumekwisha kuandikwa kwa wino kwamba asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa somo. Zilikuwa zimebaki dakika kumi somo lianze. Darasa lilikuwa na wanafunzi 54; asilimia 80 yao ni wanafunzi 43 na sehemu ya tano ya mwanafunzi wa 44. Nilimwuliza ni sehemu ipi ya mtoto yule iliyoelewa. Alitabasamu kwa haya, akasema, “Shikamoo tena, Mwalimu. Ndivyo tunavyoandikaga wote.”

Sikumlaumu, na wala silileti jambo hili hapa ili wasomaji wamcheke. Alikuwa amejifunza kwa usahihi kile alichofundishwa. Vyuoni kuandaa somo hufundishwa katika muhula mmoja na upimaji katika muhula mwingine, mara nyingi na wakufunzi wawili wasiokutana ila katika vikao. Katika kozi ya kwanza mwanachuo hujifunza kujaza safu; katika ya pili hujifunza kukokotoa wastani, kupanga madaraja na kutunga mtihani wa mwisho wa muhula. Hakuna saa iliyotengwa ya kumwuliza: mtoto akikujibu 2/5 mahali ulipotaka 5/6, wewe utasema neno gani baada ya hapo? Na huo ndio ualimu wenyewe. Kila kitu kingine katika karatasi ile kinaweza kunakiliwa kutoka kwa mwenzake wa mwaka uliopita, na hunakiliwa.

Gharama ya jambo hili si ndogo. Hisabati ya Msingi ndiyo somo ambalo, mwaka hata mwaka, watahiniwa wengi wa kidato cha nne hushindwa kuliko masomo mengine makubwa. Wanaofaulu kwa miaka mingi hawakufika hata theluthi. Baraza la Mitihani, lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa kila mwaka taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, ikionyesha hata nakala za majibu mabaya na mazuri. Ni maandishi yenye faida kubwa, na ningependa kila mwanachuo wa hisabati ayasome kama sisi wa fasihi tunavyosoma diwani. Lakini taarifa ile hufika baada ya mtoto kwenda nyumbani na cheti chake. Kosa lililoonekana katika kitabu cha majibu mwezi wa Novemba lilikuwapo kidato cha kwanza, likiitika “Ndiyo, Mwalimu” pamoja na darasa zima.

Kila aliyesoma katika shule zetu anaujua mwitiko huo. Mwalimu humaliza mfano ubaoni, hugeuka, huuliza, “Tumeelewana?” Darasa huitika kwa sauti moja, na sauti ile ni tamu, kwa maana humwambia mwalimu anachotamani kuambiwa. Nimewahi kuhesabu katika kipindi kimoja cha dakika 40 maswali 31 ya namna hiyo, yote yakajibiwa ndiyo. Daftari la mtoto aliyekuwa karibu yangu halikuwa na hata jibu moja sahihi. Aliitika kila mara, na kwa heshima.

Wala ugonjwa huu haukuzaliwa kwetu, na wala hauponywi kwa kuongeza mitihani midogo, kama wengine wanavyodhani. Mwaka 1973 mtafiti Stanley Erlwanger alichapisha nchini Marekani maelezo ya mazungumzo yake na mvulana wa miaka 12 aliyemwita Benny. Mvulana huyu alisoma hesabu kwa mpango ambao kila mwanafunzi alikwenda kwa mwendo wake, akifanya majaribio mafupi mengi na kulinganisha majibu yake na ufunguo. Alama zake zilikuwa nzuri, na mwalimu wake alimhesabu miongoni mwa wanaoendelea vizuri. Erlwanger alipoketi naye na kumwuliza aliyapataje majibu, aligundua kwamba mtoto alikuwa amejitungia kanuni zake mwenyewe. Kuigeuza 2/10 kuwa desimali, alijumlisha 2 na 10, akapata 12, akaandika 1.2. Kwa njia hiyo hiyo 5/10 ilikuwa 1.5, na 4/11 na 11/4 zilikuwa sawa, zote 1.5. Kwake yeye hesabu ilikuwa mchezo wa kubahatisha jibu ambalo ufunguo unalitaka. Hakuwa mjinga, alikuwa hodari wa kutunga kanuni. Majaribio yalikuwa mengi, lakini hapakuwa na mtu aliyemwuliza: umepataje?

Swali hilo nilipata kulisikia likiulizwa vizuri katika shule moja ya kata, karibu na bahari, kusini mwa Dar es Salaam. Kidato cha kwanza, wanafunzi zaidi ya 90, wanne wanne katika madawati ya watu wawili. Mwanachuo alikuwa binti katika wiki yake ya pili, na siku hiyo wakaguzi tulikuwa wawili. Somo lilikuwa kujumlisha sehemu. Aliandika ubaoni 1/2 + 1/3. Mvulana mmoja upande wa dirishani akajibu kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa na kwa uhakika, kwamba jibu ni 2/5. Wengi walitikisa vichwa kwa kukubali.

Andalio lilisema kwamba hapo wanafunzi watatoa jibu sahihi. Binti hakulifuta jibu lile wala hakulitilia alama ya kosa. Aliliandika ubaoni kama lilivyo, akamwuliza mvulana, kwa Kiingereza, amelipataje. Mvulana akanyamaza. Akamwuliza tena, akatazama chini. Ndipo aliposema, “Basi nieleze kwa Kiswahili.”

Mvulana akainua kichwa. “Mwalimu, juzi tulipiga penalti mbili, tukafunga moja. Jana tukapiga tatu, tukafunga moja. Jumla tumepiga tano, tumefunga mbili.”

Darasa lilikuwa kimya. Mimi niliweka kalamu chini. Msomaji, jaribu kumkosoa mtoto yule kabla hujaendelea kusoma, utaona ugumu wake. Katika jambo alilolisema yeye hakukosea hata kidogo: aliyepiga penalti tano na kufunga mbili amefunga mbili katika tano, na hesabu za mpira huwekwa hivyo. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba jambo lile na jambo lililoandikwa ubaoni ni moja. Mwalimu anayemwambia “si hivyo, tafuta kigawe kidogo cha shirika” amemwambia kweli, lakini hakumjibu. Na mtoto ataondoka akiamini kwamba shuleni kuna hesabu moja na uwanjani nyingine, na kwamba ya shuleni haina sababu.

Binti alifikiri kwa kitambo. Kisha akauliza darasa zima: mtu mwenye nusu ya muhogo, akiongezewa theluthi ya muhogo ule ule, atakuwa na zaidi ya nusu au pungufu ya nusu? Wote wakasema zaidi. Akaonyesha 2/5 ubaoni: hii ni zaidi ya nusu au pungufu? Hapakuwa na mwitiko wa pamoja safari hii. Msichana mmoja wa mbele akasema polepole kwamba ni pungufu, kwa kuwa nusu ya tano ni mbili na nusu. “Basi,” akasema binti, “tumeongezewa muhogo, tukabaki na mdogo kuliko tuliokuwa nao?” Darasa likacheka, na mvulana wa dirishani akacheka pia, bila kudhalilika. Akachora ukanda mrefu, akaugawa visehemu sita. Nusu ikawa vitatu, theluthi ikawa viwili, vyote vitano katika sita. Kisha, na hili ndilo lililonifurahisha, akarudi kwenye penalti. Akawaonyesha kwamba katika mpira kizima hubadilika, kwanza ni penalti mbili, halafu tatu, halafu tano. Katika muhogo kizima ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kengele ikalia. Mazoezi aliyoyapanga yalikuwa sita, yakafanyika mawili.

Chini ya andalio, katika tathmini ya wanafunzi, hakuandika asilimia. Aliandika: “Sikumaliza. Wengi wanajumlisha asili kwa asili. Kesho nianze na muhogo, halafu niwaulize kama jibu linaweza kuwa dogo kuliko sehemu ya kwanza.”

Mkaguzi mwenzangu alimpa alama 52. Ni mtu mwadilifu, mwalimu wa miaka mingi, na hoja zake ninaziweka hapa kama alivyozisema, kwa kuwa si hoja za kupuuzwa. Mwanachuo aliacha andalio lake, hakumaliza, alitumia Kiswahili katika somo linalofundishwa kwa Kiingereza, na fomu ina nafasi ya kupunguza alama kwa kila moja ya mambo hayo. Akaongeza jambo zito zaidi. Kila mwalimu akisimama kwa ajili ya kila mtoto, muhtasari wa masomo hautaisha, na mtihani wa Novemba haumsubiri mtu. Mtoto yule ataulizwa kwa Kiingereza na atajibu kwa Kiingereza. Anayemzoesha Kiswahili leo anamwahirishia adhabu.

Mimi nilimpa 78. Nilisema kwamba muhtasari uliokwisha ubaoni na haukuanza vichwani haukwisha. Nilisema kwamba binti hakuliacha andalio, kwa maana lengo lililoandikwa lilikuwa wanafunzi waweze kujumlisha sehemu, na dakika zile zote alikuwa akilifuata lengo hilo huku wenzake wengi hufuata saa. Hatukukubaliana. Mratibu alijumlisha alama zetu akagawa kwa mbili, ikawa 65, na ugomvi wetu ukaingia katika cheti cha mtu asiyeujua. Kwa bahati njema hapo kizima kilikuwa kimoja.

Juu ya lugha nina neno la kuongeza, kwa sababu ni uwanja wangu. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za umma Tanzania Bara zimefundisha kwa Kiswahili, na sekondari zimebaki na Kiingereza. Mjadala wa jambo hilo ni mrefu, na kurasa za insha moja haziutoshi. Ninalolishuhudia ni dogo zaidi. Kosa la mtoto hutoka kwa lugha anayofikiria. Mvulana yule aliweza kusema jibu kwa Kiingereza, kwa sababu jibu ni maneno matatu. Sababu ya jibu hakuweza, kwa sababu sababu ni kisa kizima chenye juzi na jana. Mwalimu aliyekatazwa kumsikiliza kwa Kiswahili amekatazwa kumpima. Akishamsikia, na amfundishe kulisema kwa Kiingereza. Hilo nalo ni kazi yake.

Wala nisionekane kuwa nakitetea Kiswahili kama mlevi anavyotetea tembo lake. Lugha yetu nayo ina mitego. Mwambie mtoto “tafuta tofauti ya 12 na 7,” naye anaweza kukujibu kwa adabu kwamba 12 ina tarakimu mbili na 7 ina moja. Neno “toa” katika hesabu hupunguza; sokoni, atoaye fedha huzileta. Wazee waliita thumuni ile sarafu ya senti 50, nusu ya shilingi, ingawa neno lenyewe kwa asili ni la Kiarabu na maana yake ni sehemu ya nane. Lakini pia imo hazina humo, na mwalimu wa hesabu asiyeijua ni kama mtu anayenunua maji huku kisima kiko uani. Namba ya chini ya sehemu tunaiita asili, na ya juu kiasi. Mtoto akiambiwa kwamba vitu viwili vyenye asili mbalimbali havijumlishwi mpaka virudishwe kwenye asili moja, neno limefanya nusu ya kazi. Na kila mtoto asemaye “saa tatu kasorobo” amekwisha kutoa sehemu kutoka katika namba nzima, tena bila kalamu.

Mwanachuo mmoja wa pwani aliandaa somo la sehemu kwa mirathi. Marehemu ameacha mke, mama na watoto wa kiume na wa kike. Kwa sheria ya Kiislamu mke hupata thumuni, mama sudusi, na kinachobaki ni cha watoto. Basi 1/8 na 1/6 ni 3/24 na 4/24, jumla 7/24, na watoto wanabakiwa na 17/24. Nilimsifu, kwa kuwa mfano huo una nasaba: al-Khwarizmi, ambaye jina la kitabu chake cha mnamo mwaka 820 ndilo lililozaa neno aljebra, alitenga sehemu kubwa ya mwisho wa kitabu kile kwa wasia na mirathi. Nilimwuliza mambo mawili pia. Watoto wasiokuwa Waislamu watajuaje kwamba thumuni ile haikutungwa na mwalimu? Na katika darasa la watu 70, ni wangapi waliofiwa na baba? Alikaa kimya, akasema atauliza kwanza. Mwaka huo alifundisha kwa shamba la minazi, na mirathi akaiweka kwa kidato cha tatu.

Baada ya mabishano ya 52 na 78, mwenzangu mmoja wa hisabati nami tulianza kukutana na wanachuo saa moja kila wiki kabla hawajakwenda mashuleni. Kanuni ni moja. Kila mmoja huleta swali moja la somo analokusudia kulifundisha, na kabla ya kuandika jibu sahihi huandika majibu matatu ya makosa, na kando ya kila moja mawazo ya mtoto aliyelipata. Jambo hili si uvumbuzi wetu; walimu wa Japani, wanapoandaa somo la kuchunguzwa kwa pamoja, huyaweka majibu wanayoyatazamia kwa wanafunzi ndani ya andalio lenyewe. Sisi tulilichukua kwa sababu tuliliona linafaa.

Mwanzoni wanachuo huona ni mzaha. Chukua 0.3 mara 0.2. Jibu ni 0.06. Mmoja aliandika makosa 0.17, 0.9 na 4. Alipoulizwa ni mtoto gani angepata 0.17, hakuwa naye. Alikuwa amebuni namba tu. Akarudi wiki iliyofuata na majibu mengine: 0.6, la mtoto anayeshusha nukta kama katika kujumlisha, 0.5, la mtoto aliyeona desimali akajumlisha. 6, la mtoto aliyeitupa nukta na kusahau kuirudisha. Sasa kila kosa lilikuwa na mtu nyuma yake. Swali la kuchagua lenye majibu hayo manne humwambia mwalimu nani amesimama wapi. Lenye yale ya kwanza humwambia tu nani amekosa.

Tukaingia katika kuchagua namba, na hapa mwenzangu wa hisabati alinifundisha jambo ambalo ninalikumbuka kila nionapo karatasi ya mtihani. Namba 2 ni shahidi wa uongo. Ukitaka kujua kama mtoto anatofautisha kipeo cha pili cha x na mara mbili ya x, ukampa x kuwa 2, wote watapata 4: anayejua, na anayedhani kipeo ni kuzidisha kwa mbili. Mwalimu atawatilia wote alama ya vema, na kosa litalala salama. Mpe 3, mmoja atapata 9, mwingine 6. Vivyo hivyo 16/64: mtoto akikata 6 ya juu na 6 ya chini atapata 1/4, na ni kweli 16/64 ni 1/4. Njia ni mbovu, mji ni ule ule. Kuanzia hapo hatuulizi kama swali ni gumu au rahisi. Tunauliza kama njia mbaya inaweza kufika mahali pema. Zoezi lenye maswali kumi ya namna hiyo linaweza kumpa mtoto kumi kwa kumi na kumwacha kama Benny.

Limebaki tatizo la watoto 90. Hoja ya mkaguzi mwenzangu ina nguvu hapa, na hatujaimaliza. Mwalimu hawezi kumwuliza kila mmoja amepataje. Tunachowafunza ni jambo la kimaskini: wanafunzi wakate kurasa za daftari lililokwisha, kila mmoja aandike jibu lake kwa herufi kubwa, na mwalimu akihesabu tatu wote wainue kwa pamoja. Kwa mtazamo mmoja mwalimu huona kwamba 0.6 zimejaa upande wa kushoto. Halafu humwuliza mmoja tu mwenye 0.6, naye huwasemea wenzake thelathini. Hili huchukua dakika nne. “Tumeelewana?” huchukua sekunde tatu, na ndiyo sababu itaishi muda mrefu.

Mwaka juzi tuliandika ombi kwamba fomu ya andalio iongezwe safu moja, ya makosa yanayotazamiwa, karibu na safu ya upimaji. Na kwamba mkaguzi apewe mahali pa kutoa alama kwa tathmini iliyoandikwa baada ya somo, yenye kutaja kosa lililoonekana. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, kwa lugha ya upole. Fomu zilizokwisha kupigwa chapa bado ni nyingi katika ghala. Kwa hiyo wanachuo wetu huichora safu ile wenyewe kwa rula, pembeni mwa ukurasa. Ni nyembamba, majibu mawili ya makosa huenea. La tatu huandikwa nyuma ya karatasi.